Bado Si Mtu

Watu wa mtaa wa Noonkopir, Kitengela, wakikuambia Mbithe aliingiwa na wazimu baada ya kuzaa, wacha wakuambie, halafu uwaulize waliona nini. Hakuna aliyeona kitu. Hakuvua nguo barabarani, hakumrushia mtu jiwe, hakuongea peke yake sokoni. Alisema maneno machache tu, akiwa amechoka, mbele ya mtu asiyefaa kuyasikia. Basi.

Mtu huyo alikuwa mama mkwe wake, Mama Ojwang. Alifunga safari kutoka kwao Ugenya, kwa Wajaluo, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, mvua kubwa ikiwa ndiyo inaisha na Kitengela nzima ni tope jeusi la kung'oa viatu, kuja kumwogesha mjukuu wake. Mwanawe Ojwang alikuwa mhasibu Nairobi na shemasi kanisani. Mbithe, mke wa Ojwang, alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa hapo barazani. Nusu ya sketi za shule za mtaa ule zilipita mikononi mwake.

Mama Ojwang alifika akiwa na jina tayari. Mamake mzazi, marehemu Adero, alikuwa amemjia ndotoni, akasimama mlangoni, akaomba mtoto aitwe yeye. Ojwang alifurahi, wakapiga magoti wakashukuru, na mtoto akawa Adero. Jameni! Maiti amekuja usiku akaongea, na hakuna hata mmoja aliyesema twende hospitali.

Mbithe naye alikuwa amelelewa na nyanyake huko Mwala, kwa Wakamba, nyanya wa zamani kabisa. Kwa huyo nyanya, mtoto mchanga huchinjiwa mbuzi, akapewa jina, kisha babake akamvika shingoni mkufu mdogo wa chuma. Kabla ya hapo mtoto ni wa aimu, yaani mizimu. Wamemtoa, na bado wanaweza kumrudisha kwao. Kwa hiyo hatembezwi, hasifiwi, haonyeshwi watu. Hakuna chuki hapo. Ni mwanamke anayeogopa kunyang'anywa kitu anachokipenda, basi anajifanya hakijali.

Mbithe alizaa kwa taabu. Hakuwa amelala, matiti yamevimba, homa inapanda na kushuka. Mama Ojwang akaingia na beseni la maji ya moto, akasema, "Jumapili nampeleka kanisani. Wamama wa kwaya wamuone."

"Bado, Mama, tafadhali. Usimtoe."

"Nisimtoe kwa nini?"

"Huyo bado si mtu," Mbithe akasema, macho ameyafumba. "Bado ni wa mizimu."

Beseni likaanguka. Maji yakaenda mpaka chini ya kitanda.

"Umesema nini?"

"Nimesema bado si mtu, Mama."

Lo, angenyamaza! Lakini kwao hayo ni maneno ya kawaida, sawa na kusema mtoto hajaota meno. Jioni Ojwang alipotoka kazini alimkuta mamake amejifungia jikoni na mtoto, ameegemeza kiti mlangoni.

"Nyathina, mwanangu, hii bibi yako itaua mtoto," Mama Ojwang alisema. "Ameniambia na mdomo wake. Ati si mtu."

Ojwang angeuliza Mkamba yeyote. Kitengela imejaa Wakamba. Hata mwenye bucha aliyemuuzia nyama kila Jumamosi alikuwa Mutinda wa Kangundo. Hakuuliza. Aliogopa, na msomi akiogopa hukimbilia kwa daktari, akajiona amefanya la maana. Asubuhi alimfunga mkewe leso kiunoni wakaenda Kajiado, kwenye kliniki moja ya kibinafsi nyuma ya soko, ambako bwana mmoja aliyeitwa Wanjala alitibu wagonjwa wa akili. Hakuwa daktari hasa, lakini kila mtu alimwita daktari na yeye hakukataa.

"Ulisema mtoto si mtu?" Wanjala akamuuliza.

"Nilisema bado."

"Ni wa nani?"

"Wa mizimu. Mpaka avikwe mkufu."

"Unaona hao mizimu?"

"Hapana. Nani huwaona?"

"Lakini unajua wako."

"Ndivyo nilifundishwa na nyanya."

"Nyanya yako pia alikuwa anaongea mambo kama haya?" Wanjala akamtazama Ojwang kwa jicho la huruma. "Unaona? Iko kwa damu."

Mbithe hakuwa mjinga. Aliona mahali maneno yanaelekea, akajaribu kuyakamata. "Daktari, na Mama? Yeye mamake aliyekufa alikuja usiku wakaongea. Hiyo ni nini?"

"Hatuko hapa kwa sababu ya Mama," Wanjala akasema. "Tuko hapa kwa sababu yako."

Hakumuuliza kama amelala. Hakumpima homa. Alimdunga sindano kubwa ya makalio, akampa vidonge vya asubuhi na jioni, akasema ugonjwa huu ni wa maisha, maziwa yakatwe na mtoto alelewe na mtu mwingine. Juma lile lile Mama Ojwang akapanda basi la Ugenya na Adero mgongoni. Mbithe alikuwa amelala fofofo. Alipoamka, nguo zake kifuani zilikuwa zimelowa maziwa na nyumba iko kimya.

Tangu siku hiyo Mbithe alitaka kitu kimoja duniani: mtoto wake. Ojwang alimwambia waziwazi, na hakumdanganya, "Pona kwanza. Ukipona, Adero anarudi." Kupona kulikuwa ni kumeza dawa. Na hapo ndipo alipotegwa, maana dawa zenyewe ndizo zilizompa sura ya mgonjwa. Mikono ilianza kutetemeka mpaka uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Shingo ilivutwa upande mmoja. Akikaa, miguu inamwambia simama. Akisimama, inamwambia tembea. Akawa anazunguka kiwanja usiku na mchana, na majirani wakichungulia kwenye pazia wanasema, maskini, si mnaona? Wateja wa sketi walihamia kwa fundi mwingine, mmoja mmoja, bila kuaga.

Kila mwezi alirudi Kajiado na kulalamika, na kila akilalamika dawa iliongezwa.

"Mikono yangu haikuwa hivi," alimwambia Wanjala. "Ni hii dawa."

"Wagonjwa wote husema ni dawa."

"Mimi sikuwa mgonjwa, daktari. Nilikuwa nimezaa."

"Mbithe, sikiza. Hiyo kukataa kwamba wewe ni mgonjwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Siku utakubali, hapo tutasema unaanza kupona."

Hebu niambie, mtu anatokea wapi hapo? Akisema ni mzima, ni mgonjwa. Akisema ni mgonjwa, ni mgonjwa. Hata askari wa lango la kliniki, Kisemei, ambaye siku ya kwanza alimwamkia "takwenya" kwa heshima kama anavyoamkiwa mama yeyote, sasa alimpita akamuuliza Ojwang, "Leo ameamkaje?"

Nyumbani Ojwang alimsimamia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, tai shingoni, mkoba mkononi. "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Ng'ombe wa minyoo hutendewa hivyo. Kisha alimwombea, akaenda zake. Alikuwa mume mwema, wote walisema, mwanamume mwingine angeoa zamani. Mwenyewe aliyasikia hayo, na yalimkaa vizuri.

Mwaka ukaenda, ukaja mwingine. Adero aliletwa mara moja tu akiwa mdogo, akalia alipomwona mamake, akarudishwa. Halafu mdomo ukaanza. Mbithe hakujua umeanza lini. Taya lilitafuna, ulimi ukachomoza ukarudi, midomo ikabana ikaachia, wakati hana kitu chochote kinywani. Kanisani watoto waligeuka kumtazama. Akawa anakaa na leso mdomoni.

Mwaka wa elfu mbili na tatu Wanjala alienda masomoni, na kiti chake kikakaliwa kwa muda na daktari wa kweli, kijana mwembamba aitwaye Muteti. Alisoma faili nzima, akaiweka chini.

"Ulisema mtoto bado si mtu," akamwambia. "Alikuwa amevishwa mkufu?"

Mbithe akainua kichwa. "Bado."

Muteti akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka ghafla, uso ukambadilika. "Mama Adero, mimi ni Mkamba wa Mbooni. Nyanya yangu alisema hivyo juu yangu. Wamekudunga miaka hii yote kwa sababu ya hilo?"

Mbithe alilia pale kitini, akajiaibisha, kamasi mpaka kwenye leso. Si kwa huzuni. Ni kuitwa Mama Adero.

Muteti hakuzisimamisha dawa kwa mara moja. Alizipunguza kidogo kidogo, akimwonya kwamba usingizi utasumbua, na ulisumbua. Lakini shingo ilinyooka. Miguu ikatulia. Siku moja uzi ukaingia kwenye sindano, akautoa, akauingiza tena, akakaa hapo barazani akifanya hivyo mpaka chakula kikaungua. Mdomo tu ndio uliokataa kabisa.

"Hii nitakuambia ukweli," Muteti alisema. "Imeletwa na dawa. Kwa wengine huisha, kwa wengine haiishi. Yako naona imekaa sana."

"Na kichwa changu?"

"Kichwa chako hakijawahi kuwa na shida."

Alimwita Ojwang akamweleza hayo yote. Ojwang alisikiliza mikono imekunjwa. Alikuwa amezoea kuwa mume wa mgonjwa, na sasa anaambiwa amekuwa mume wa mtu aliyeonewa, na aliyemwonea ni nani? Alikubali shingo upande. Adero aje Disemba na Mama, wakae mpaka mwaka mpya. "Lakini nikiona kitu kimoja tu," alimwambia mkewe njiani, "kitu kimoja, Mbithe, anarudi."

Novemba Muteti akahamishiwa Loitokitok. Wanjala akarudi kitini pake na cheti kipya ukutani.

Adero aliletwa, miaka mitano, miguu mirefu, mdomo hodari, Kiswahili chake kimechanganyika na Kijaluo. Siku za kwanza alimzunguka mamake kwa mbali. Mbithe hakumvuta. Aliketi kwenye cherehani akashona gauni dogo la rangi ya chungwa, polepole, mpaka udadisi ukamleta mtoto mwenyewe, akasimama karibu na gurudumu.

"Unatafuna nini?"

"Sitafuni kitu."

"Uongo! Unatafuna. Nipe na mimi."

Mbithe alitoa leso mdomoni. Angemweleza nini? Akafanya kile ambacho mama yeyote angefanya: akatia vidole viwili hewani, akachukua kitu kisichokuwepo, akampa. "Biskuti. Lakini kidogo, utakosa kula wali."

Adero akaipokea, akaitia kinywani, akatafuna. Alitafuna kama mamake hasa, taya hivi, ulimi hivi, na wakacheka wote wawili mpaka Mbithe akashika mbavu. Wacha nikuambie, alikuwa hajacheka namna hiyo tangu azae. Kila siku ikawa hivyo. Wakiwa barazani peke yao walikula biskuti, wakala mandazi, wakala samaki mzima na mifupa yake. Mtoto alikuwa mwigaji hatari. Akajifunza na shingo pia, maana ya Mbithe ilikuwa bado huvutika kidogo akichoka.

Jumapili baada ya Krismasi walikuwa mezani. Ojwang akaomba baraka ya chakula, ombi refu la shemasi. Alipofumbua macho, mamake alikuwa amemkodolea macho mtoto, mkono kifuani.

Adero alikuwa ameketi shingo upande, anatafuna, ulimi unatoka unarudi. Sahani yake ilikuwa haijaguswa.

"Nyasaye! Mungu wangu!" Mama Ojwang alipiga ukemi. "Imemwingia! Ojwang, imemwingia mtoto!"

"Ni mchezo," Mbithe akasema haraka. "Mama, ni mchezo tu, tunacheza na yeye."

"Nyamaza," Ojwang akasema. Akainama kwa mtoto. "Adero, uko na nini mdomoni?"

"Biskuti."

"Fungua mdomo."

Mtoto akafungua. Ojwang akatazama, akamwinua ulimi kwa kidole. "Hakuna kitu."

"Iko," Adero akasema. Alikuwa mkaidi, na mchezo wake ulikuwa mtamu, hakutaka watu wazima wamharibie.

"Nani amekupa?"

"Mama."

"Na wewe unaionja?"

"Eeh. Tamu."

Mama Ojwang akaanza kulia kwa sauti. Ojwang alikaa kitini, uso umekuwa wa majivu. "Wanjala alisema iko kwa damu," akasema. "Alisema mtoto aangaliwe, na mimi nikapuuza. Kesho Jumatatu tunampeleka. Bora aanzishiwe dawa mapema."

"Ojwang, ni mtoto!" Mbithe alisimama. "Watoto huigiza! Muulize yeyote, uliza Mutinda wa bucha, ana watoto sita! Mimi ndiye nilimwambia ni biskuti!"

"Ulimpa mtoto biskuti ambayo haiko?"

"Ndiyo! Tulikuwa tunacheza!"

"Unajisikia vile unaongea?"

Alijisikia. Alisikia sauti yake imepanda, na mdomo, kwa vile alikuwa na hasira, unaenda mbio kuliko siku zote. Alimwona Ojwang akiutazama huo mdomo, wala hasikii neno linalotoka humo. Muteti alikuwa Loitokitok, na Jumatatu ilikuwa kesho. Akamwona Adero atakavyokuwa akimezeshwa dawa, mikono ile midogo inatetemeka. Akaona mtoto atakavyoambiwa akilalamika, wagonjwa wote husema ni dawa. Kila atakachosema kumtetea mtoto kingeandikwa dhidi ya mtoto. Katika miaka yote ile walikuwa tayari kumwamini kwa jambo moja tu, na hakuwa amewapa.

Akaketi.

"Ojwang," akasema taratibu, "mimi ndiye mgonjwa."

Mama Ojwang akaacha kulia.

"Nimekuficha. Nilimdanganya daktari Muteti, kwa sababu yeye ni Mkamba mwenzangu nilijua ataniamini. Nasikia sauti. Ziliniambia nimfundishe mtoto hivyo, nami nikamlazimisha. Nilimfinya akikataa. Yeye ni mzima kabisa. Ukimtoa karibu na mimi ataacha, utaona."

Alijua la kusema. Wanjala alikuwa amemuuliza maswali yale mara nyingi mno kiasi kwamba majibu aliyoyatafuta alikuwa nayo kwa moyo.

"Mama hakunifinya," Adero akasema.

"Nilimfinya," Mbithe akasema. "Anaogopa kusema. Mama amrudishe Ugenya kesho asubuhi, na wewe unipeleke Kajiado mimi peke yangu. Hakuna haja ya mtoto kuona hospitali."

Unajua Ojwang alifanya nini? Alipumua. Mabega yake yalishuka, na uso wake ukapata rangi. Akamshika mkewe mkono, akaubusu. Alikuwa hajamshika hivyo kwa miaka.

"Asante Yesu," Mama Ojwang akasema akipangusa machozi. "Amekubali mwenyewe. Nyathina, kukubali ni mwanzo." Na hakuwa anamkejeli. Akamwekea nyama nyingine kwenye sahani.

Asubuhi, mizigo ikiwa mlangoni, Adero alikuja mbio na gauni lake la chungwa, akamrukia mamake magotini. Ojwang alikuwa pale, anatazama. Mtoto akachomoa ulimi kidogo, akatafuna, akangoja mamake acheke.

Mbithe akaisukuma mikono ya mtoto. "Mtoeni hapa," akasema. "Ananisumbua kichwa."

Mtoto alilia mpaka stendi.

Wanjala aliwapokea mchana. Ojwang alieleza yote, na kwamba hata mtoto sasa hamtaki. Wanjala alitikisa kichwa akiandika, wala hakumsema vibaya Muteti. Alisema tu vijana wana haraka.

"Na wewe mwenyewe, Mbithe, unasemaje? Uko mgonjwa?"

"Ndiyo, daktari."

"Vizuri sana. Leo ndiyo umeanza kupona." Akainuka kutayarisha sindano.

"Daktari, na mtoto? Inaweza kumfikia?"

"Wewe meza dawa bila kusumbua, na ukae mbali na yeye. Hatapata kitu."

Mbithe aligeuka, akashika ukingo wa meza, akainua sketi mwenyewe.